Kutoka Mapunye Hadi Malale

(Maneno haya yalisemwa na mteknolojia wa maabara mbele ya wanafunzi wa sekondari huko Berega, Wilaya ya Kilosa, siku mbili kabla ya zoezi la kumeza dawa za minyoo. Tunayachapa kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwepo.)

Ninawaita vijana wenzangu ingawa mvi zimeanza kunichungulia. Mtanivumilia.

Nimeombwa niseme juu ya dawa za minyoo mtakazomeza Alhamisi. Nitasema, lakini nitapita njia ndefu kidogo, nayo inaanzia kwenye mapunye. Wangapi hapa waliwahi kuugua mapunye? Mikono juu. Haya, watano tu. Wengine mnadanganya!

Mimi niliugua nikiwa darasa la nne. Kichwani nilikuwa na mabaka matatu yasiyo na nywele, na wenzangu wakaniita Ramani. Mama alinipeleka zahanati, nikapewa vidonge vya griseofulvini nimeze kila siku baada ya chakula kwa wiki sita. Wiki ya pili muwasho ukaisha. Nikasema, basi, nimepona. Vidonge vilivyobaki nikavitumbukiza chooni ili mama asivione. Haikupita miezi miwili, mapunye yakarudi, na safari hii mdogo wangu wa kike naye akayapata. Yeye alinyolewa kipara, akalia siku nzima. Hadi leo akinikasirikia hunikumbusha.

Swali ambalo hakuna aliyenijibu wakati ule ni hili: kwa nini wiki sita? Nilipata jibu nikiwa chuoni, na jibu hilo lilinifikisha kwa mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona kwa macho, Mwingereza aitwaye Keith Gull. Nimemsoma tu. Lakini kazi yake imepita kwenye magonjwa matatu ambayo sisi wa Kilosa tunayajua, na ndiyo maana nimekuja naye leo.

Kwanza tuelewane juu ya seli. Mnazijua nyumba zetu za miti na udongo. Unasimamisha nguzo, unafunga fito, ndipo unakandika. Mpita njia anaona udongo tu. Fito hazionekani, lakini ukizichomoa nyumba inalala chini. Seli nayo ina fito zake, na zote kwa pamoja tunaweza kuziita kiunzi cha seli. Baadhi ya fito hizo ni mirija, iko wazi katikati kama bua la jani la mpapai. Upana wa mrija mmoja ni nanomita 25. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mpana kuliko mrija huo mara 2,000 au zaidi.

Mirija hii imejengwa kwa matofali madogo ya protini iitwayo tubulini. Na hapo seli inawashinda mafundi wetu wote. Inajenga mrija, inaubomoa, kisha matofali yale yale inayapeleka kujenga mrija mwingine, yote hayo kwa dakika chache. Mirija hiyo pia ni kama Reli ya Kati pale Kilosa mjini, maana mizigo ya ndani ya seli husafirishwa juu yake.

Kazi yake kubwa kuliko zote huonekana seli inapogawanyika. Kromosomu zinakuwa zimekwisha kunakiliwa, kila moja ina pacha wake. Mirija hujipanga kutoka pande mbili, hushika mapacha, na kuvuta, huyu kushoto, huyu kulia. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba, ila hapa hakuna timu inayotakiwa kushinda. Kila upande lazima uondoke na seti kamili. Upande mmoja ukikosa, seli zitakazozaliwa zitakuwa na kasoro au zitakufa.

Sasa turudi kwenye kidonge changu cha chooni. Griseofulvini ilipatikana mwaka 1939 huko London, kutoka kwenye aina ya ukungu. Ilikaa karibu miaka 20 bila mtu kuitumia kutibu watu. Mwaka 1958 mtafiti mmoja wa Glasgow, J. C. Gentles, aliwalisha dawa hiyo simbilisi waliokuwa na fangasi wa ngozi, nao wakapona. Muda si mrefu watu nao wakaanza kuimeza. Walipona, lakini wakati ule ilikuwa haijaelezwa vizuri dawa inamfanya nini fangasi. Msishangae. Dawa nyingi hospitalini zilianza hivyo, kupona kukatangulia na maelezo yakafuata.

Keith Gull alikuwa bado kijana alipolishika swali hilo pamoja na Anthony Trinci. Mwaka 1973 walitoa majibu yao katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba griseofulvini inazuia mitosisi ya fangasi, yaani viini vyake vinakwama katikati ya kugawanyika. Kamba za kuvutia kromosomu zimeharibika, mchezo umesimama.

Mnaona sasa wiki sita zilitoka wapi? Dawa ile haimpigi fangasi akafa palepale. Inamzuia asizaliane. Wakati huohuo dawa inaingia kwenye unywele mpya unaoota, ili fangasi asipate pa kuhamia. Lakini unywele wa zamani bado una fangasi ndani yake, na hauna budi kuota, kusogea nje na kukatwa. Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi. Mimi wiki ya pili niliwaondoa walinzi wakati mwizi bado yuko uani.

Gull angeweza kuishia hapo. Alikwisha pata jina. Lakini swali moja lilimzalia mengine. Akafanya kazi na kiumbe wa ajabu aitwaye Physarum, ute wa njano unaotambaa juu ya magogo yaliyooza. Ni seli moja kubwa yenye viini vingi mno, na vyote hugawanyika kwa wakati mmoja, kama paredi. Kwa mtu anayetaka kuona mgawanyiko, hiyo ni zawadi. Wakati huo alikuwa akifundisha Canterbury. Baadaye alihamia Manchester, kisha Oxford.

Miaka ya 1980 yeye na wenzake wakaingia kwenye minyoo. Walichukua minyoo ya matumbo ya kuku, hiyo hiyo mnayoiona mkichinja kuku wa kienyeji, wakatoa tubulini yake na kuilinganisha na tubulini ya mamalia mbele ya dawa za jamii ya benzimidazoli. Jina hilo msilikariri, si la mtihani. Lakini kidonge cha Alhamisi, albendazoli ya miligramu 400, ni cha ukoo huo huo.

Naona mkono pale nyuma. Sema, binti. Anauliza: "Kama dawa inaharibu tubulini ya mnyoo, na sisi tuna tubulini, kwa nini haituharibu sisi?"

Mpigieni makofi! Swali hilo ndilo watu waliloenda nalo maabara. Tofali la mnyoo na tofali lako yanafanana sana, lakini si sawasawa. Kuna sehemu chache zinazotofautiana, na dawa hung'ang'ania la mnyoo kwa nguvu zaidi. Tena sehemu kubwa ya dawa hubaki tumboni, haiingii kwenye damu. Mnyoo mirija yake ikivunjika, seli za utumbo wake hazinyonyi tena sukari. Anakufa njaa, taratibu, siku kadhaa, halafu unamtoa chooni. Kwa hiyo usimeze Alhamisi mchana ukaanza kulalamika jioni kuwa hukuona kitu.

Ila shika neno hili: "hung'ang'ania la mnyoo zaidi." Sikusema haligusi la mtu kabisa. Tutalirudia.

Tufike malale. Mliopita Mikumi mnamjua mbung'o, wengine humwita ndorobo. Anauma kama sindano butu, tena juu ya shati. Wafugaji wanamjua zaidi kwa sababu ya nagana ya ng'ombe. Kwa binadamu, malale iliwahi kumaliza vijiji. Kati ya mwaka 1900 na 1920 iliua watu zaidi ya 200,000 pembezoni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda. Siku hizi wagonjwa wanaoonekana Tanzania kwa mwaka ni wachache sana, lakini aina tuliyonayo huku ni ile kali inayokimbia haraka. Ikikuanza, utadhani ni malaria: homa, kichwa, viungo. Kama ulipita porini ukaumwa na mbung'o, kisha ukapata homa isiyosikia dawa ya malaria, mwambie daktari habari ya mbung'o. Usingoje akuulize. Mimi nikijua, nitatazama damu yako kwa jicho jingine.

Kimelea chake kinaitwa tripanosoma. Chini ya ngozi yake kuna mirija zaidi ya 100 iliyopangwa sambamba kama fito za tenga la kuku. Kina mkia mmoja, kiini kimoja, kila kitu kimoja kimoja, kwa hiyo kikitaka kujigawa lazima kitengeneze cha pili cha kila kitu na kukiweka mahali pake. Ndani ya damu hujigawa kila baada ya saa sita hivi. Piga hesabu: kimoja leo, kesho 16, kesho kutwa 256. Baada ya siku tano vingekuwa zaidi ya milioni, kama mwili wako usingepigana.

Gull aliingia hapo na hakutoka tena. Mwaka 1991 yeye na Derrick Robinson walionyesha kwamba kitako cha mkia wa kimelea ndicho kinachovuta na kutenganisha DNA ya mitokondria yake. Mwaka 2003 kundi lao lilionyesha kamba zenyewe zinazofunga DNA hiyo na kitako cha mkia, kupita katikati ya ukuta wa mitokondria. Jina la kwanza kwenye kazi ile ni la mtafiti wa Nigeria, Emmanuel Ogbadoyi. Nililiona jina hilo usiku mmoja nikisoma, nikafurahi peke yangu. Mwafrika, ugonjwa wa Afrika, jina la kwanza.

Lakini ninayoipenda mimi ni ya mwaka 1998. Huko Marekani, Elisabetta Ullu na Christian Tschudi, pamoja na Gull, walipata njia ya kunyamazisha amri moja tu ndani ya kimelea. Amri waliyoinyamazisha ilikuwa ya kutengeneza tubulini. Vimelea vikashindwa kujigawa. Vikavimba, vikawa mviringo kama maandazi, na watafiti wenyewe wakaviita vinene! Njia ile ya kunyamazisha sasa ni jembe la kila maabara inayochunguza malale. Mwaka 2006 wakaitumia kulemaza mkia wa kimelea kilichomo kwenye damu. Walitegemea kitatambaa polepole. Kumbe hakikuweza hata kumaliza kugawanyika. Kikawa dubwana lenye mikia mingi, kikafa.

Hapa niseme ukweli, maana sipendi hotuba za kusifu tu. Dawa mpya ya malale, feksinidazoli, haikutoka kwenye kazi hiyo. Ni vidonge. Ilikubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwaka 2018 kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, na mwishoni mwa 2023 kwa aina yetu, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa Malawi na Uganda. Kabla yake, malale ikishafika kwenye ubongo, aina yetu ilitibiwa kwa sindano yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua kama wagonjwa 5 katika kila 100. Kwa hiyo mtu akiuliza, mzee huyu na mirija yake ametibu malale? Hapana. Bado.

Sasa alipata nini? Mkia wa tripanosoma una jozi tisa za mirija pembeni na mirija miwili katikati. Mkia wa mbegu ya kiume umejengwa hivyo hivyo. Msicheke, hii ni biolojia. Vinywele vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa navyo vimejengwa hivyo hivyo. Kuna watoto wanaozaliwa vinywele hivyo havichezi, wanakohoa maisha yao yote, na wengine wakikua wanakosa uzazi. Kimelea cha mbung'o kinasaidia kufahamu miili yao. Mwaka 2003 Gull aliingizwa kwenye Royal Society ya Uingereza, na kuanzia 2009 hadi 2018 alikuwa mkuu wa chuo kimoja cha Oxford, St Edmund Hall. Hayo ya vyeo nimeyataja kwa sababu mtaniuliza. Mimi ninachoangalia ni kwamba alianzia kwenye dawa ya mapunye.

Haya, Alhamisi.

Wengi wenu hamkumbuki mwaka 2008. Mkoani kwetu Morogoro, zoezi la kugawa dawa za kichocho na minyoo mashuleni liliishia kwenye vurugu. Uvumi ulienea kwamba dawa zinaua watoto. Wazazi wakavamia shule, zoezi likasimamishwa. Ni rahisi kusema walikuwa wajinga. Mimi sisemi hivyo. Mzazi anasikia mtoto wake kapewa vidonge asivyovijua, na hajaelezwa na mtu kwa nini, ufanye nini? Dawa ya kichocho ukiimeza na tumbo tupu inaweza kukuletea kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuuma. Hayo hupita. Kuleni kwanza. Na leo jioni mwelezeni mama au bibi nyumbani habari ya tofali la mnyoo. Ninyi mnaweza kuieleza vizuri kuliko bango.

Na sasa lile neno nililosema tutalirudia.

Miaka michache iliyopita, siku moja kabla ya zoezi kama hili, mwanafunzi mmoja alikuja kwenye dirisha la maabara. Sisemi shule gani wala mwaka gani. Aliuliza kama mtu anaweza kukataa dawa ya minyoo bila kutaja sababu. Nikamjibu kama anavyojibu mtu mwenye foleni: "Mwanangu, dawa ni nzuri, meza tu." Akasema ahsante, akaondoka. Nilikuwa nimekwisha weka slaidi nyingine kwenye hadubini ndipo kichwa changu kikaamka. Nikatoka nje mbio na koti la maabara. Nilimkuta njiani, amekaa chini ya mwembe.

Hakuwa na ugomvi na dawa. Alikuwa na wasiwasi kwamba ana mimba, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mtoto aliye tumboni katika miezi mitatu ya mwanzo ni mgawanyiko mtupu wa seli. Moja mbili, mbili nne, moyo unajengwa, vidole vinajengwa, na mirija inavuta kamba usiku na mchana. Katika panya na sungura, dozi kubwa za albendazoli zilidhuru watoto waliokuwa tumboni. Kwa binadamu madhara kama hayo hayajaonekana wazi, kwa hiyo kama uliwahi kuimeza bila kujua hali yako, usijitie hofu, nenda kliniki useme. Lakini kanuni ni kusubiri. Mwenye mimba changa haimezi. Atapewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Griseofulvini ni kali zaidi katika jambo hili. Mjamzito haimezi kabisa, na mwanaume anayeimeza haruhusiwi kutia mimba mpaka ipite miezi sita baada ya kuimaliza. Wavulana mmesikia?

Yule binti tulikwenda pamoja kwa nesi. Alipimwa, na wasiwasi wake ulikuwa kweli. Hakumeza siku ile. Alipewa baadaye kliniki, akajifungua salama. Tangu waraka wa Novemba 2021, mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida, naye alirudi. Nilimwona akiwa amevaa sare. Tulisalimiana tu kama watu wanaofahamiana.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Alhamisi, kabla ya foleni, kila msichana ataingia mmoja mmoja kwa nesi, wote bila kuchagua, ili asionekane nani kasema nini. Nesi atauliza swali moja, naye anajua kunyamaza. Ukitoka, hakuna atakayejua umejibu nini. Kama huwezi kumwambia nesi, njoo dirishani kwangu kesho. Safari hii sitakujibu kama mtu mwenye foleni.

Maabara inafunguliwa saa mbili asubuhi. Na wale mnaotaka kuiona tripanosoma, slaidi ninayo moja, ya damu ya ng'ombe, imepakwa rangi ya zambarau. Mkia unaonekana vizuri. Njooni wawili wawili, maana hadubini ni moja.